Kandarasi Ichapishwe Siku Inapotiwa Sahihi

Sheria ipo. Imekuwepo tangu Septemba 2016, na haihitaji wakili wa kuifafanua. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kupata Habari kinasema afisi ya umma ikishatia sahihi kandarasi, ichapishe kwenye tovuti yake, au kwa njia nyingine inayofaa, mambo manne: kazi itakayofanywa, bei, jina la aliyepewa kazi, na muda wa kuikamilisha. Mwananchi hatakiwi kuomba chochote. Wino ukikauka, habari itoke.

Sasa fungua tovuti ya kaunti yako utafute kandarasi ya zahanati iliyo karibu nawe. Picha ya gavana utaipata mara moja. Picha za uzinduzi, za utepe kukatwa na za miche kupandwa, zote zipo. Matangazo ya zabuni nayo huwa yapo, kwa kuwa kaunti inataka wafanyabiashara wayaone. Ukitaka kujua hatimaye nani alipewa kazi, kwa shilingi ngapi na alitakiwa amalize lini, hapo njia inakatika.

Ukienda afisini kuuliza, unaambiwa uandike barua. Ukiandika barua, unaambiwa afisa ana siku 21 za kujibu. Siku hizo ziliwekwa kwa ajili ya habari ambazo lazima zitafutwe na kupimwa kama zinaweza kutolewa. Hazikuwekwa kwa ajili ya kitu ambacho sheria hiyo hiyo imeamuru kitoke chenyewe. Fikiria chama cha akina mama cha mtaani kwenu. Mwekahazina akiulizwa salio, ajibu kwamba waandike barua naye atawajibu baada ya wiki tatu, jioni hiyo hiyo daftari litakuwa mikononi mwa mtu mwingine. Fedha za kaunti nazo ni za watu waliochanga, na waliochanga hawastahili kuomba ruhusa ya kuona zimekwenda wapi.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba kazi yenyewe ni ndogo. Kandarasi imeshaandikwa. Iko kwenye kompyuta ya afisa wa ununuzi, mwanakandarasi ana nakala yake, na idara ya fedha haiwezi kulipa bila kuwa na yake. Aliyekosa ni mwenye fedha peke yake.

Kwa miaka mingi tumeambiwa mambo haya yanahitaji mitambo, mafunzo na bajeti. Tukumbuke basi Agosti 2022. Wakenya walipiga kura tarehe 9, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikafungua tovuti iliyoonyesha Fomu 34A za matokeo ya urais kutoka vituo zaidi ya 46,000. Wasimamizi wa vituo walizipiga picha kwa vifaa vya kielektroniki vya KIEMS na kuzituma, wengine wakiwa katika sehemu ambako mtandao wa simu ni wa kuwindwa mlimani. Siku mbili hivi baadaye karibu fomu zote zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye simu. Vyombo vya habari vilijumlisha, vyama vilijumlisha, na vijana majumbani walijumlisha. Matokeo yalibishaniwa mpaka Mahakama ya Juu, lakini hakuna aliyeweza kusema hakuiona fomu ya kituo chake. Miaka mitano kabla yake, mahakama hiyo hiyo ilifuta uchaguzi wa urais, na lawama mojawapo kubwa ilikuwa kwamba seva za tume hazikufunguliwa kukaguliwa kama ilivyoagizwa.

Kama msimamizi wa kituo kule Turkana aliweza kutuma fomu kutoka darasa la shule ya msingi usiku wa manane, makao makuu ya kaunti yenye umeme, kompyuta na idara nzima ya mawasiliano hayawezi kusema yameshindwa na kandarasi ya zahanati.

Tuna mfano mwingine, na huu haungoji uchaguzi. Kenya Law, taasisi ya serikali yenyewe, huweka bure kwenye mtandao sheria za nchi, hukumu za mahakama na Gazeti Rasmi la Serikali. Hukumu ikitolewa Kisumu, wakili aliye Malindi anaisoma, na mkulima mwenye kesi ya shamba anaisoma vilevile. Imefika hapo kwa kuwa kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuchapisha, na wasipochapisha inajulikana.

Hilo ndilo lililokosekana katika mradi wa takwimu huria. Mnamo Julai 8, 2011, Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya takwimu za serikali, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Kulikuwa na takwimu za sensa, za matumizi ya serikali, za shule na za vituo vya afya. Wageni walikuja kujifunza kwetu. Kisha takwimu zikaanza kuzeeka, wizara zikaacha kuleta mpya, na tovuti iliyotuletea sifa ikabaki na hesabu za zamani. Ujuzi haukukosekana, na nia ya mwanzo haikukosekana. Hakukuwa na afisa wa kubanwa pale takwimu za mwaka mpya zisipofika.

Tunasikia pia kwamba wananchi hawasomi, kwamba hata zikiwekwa hakuna atakayezifungua. Kauli hiyo ilizikwa Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa kwenye mtandao, na vijana waliusoma kifungu kwa kifungu. Waliueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakatengeneza programu za kujibu maswali juu yake, wakawaonyesha wazazi wao mahali palipoandikwa kodi ya mkate ya asilimia 16 na mahali palipoandikwa kodi ya gari ya asilimia 2.5. Watu walikufa katika maandamano yaliyofuata, na hilo hatutalisahau. Tarehe 26 Juni, Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi mswada huo. Anayesema Wakenya hawasomi stakabadhi za serikali hakuwa nchini mwezi ule.

Wanasoma wanapopewa kitu kinachosomeka. Hapo ndipo hata kaunti zinazojitahidi zinapoharibu. Bajeti ya kaunti huandikwa kwenye kompyuta, hakuna karani anayeiandika kwa mkono siku hizi. Kisha inachapwa kwenye karatasi, inatiwa sahihi, inapigwa muhuri, inapitishwa kwenye skana, na picha hizo ndizo zinazopakiwa kwenye tovuti. Faili iliyokuwa nyepesi inageuka mzigo wa picha mia kadhaa. Kurasa nyingine zimelala ubavu. Nyingine muhuri umefunika tarakimu. Mwenye simu ya kawaida na bando la shilingi ishirini hawezi kuipakua. Akipata bando la kutosha, hawezi kuandika jina la wadi yake na kulitafuta, kwa sababu simu haioni maneno, inaona picha. Inabidi apitie ukurasa mmoja mmoja, akipanua tarakimu kwa vidole viwili, mpaka akutane na mstari unaosema vifaa vya afya, awamu ya pili, bila jina la zahanati wala la kijiji.

Dawa yake ni kupakia faili ile ile iliyotoka kwenye kompyuta, na ukurasa wenye sahihi uwekwe kando yake. Jedwali la hesabu liwekwe kama jedwali, ili mwalimu au mhasibu wa kijijini aweze kujumlisha mwenyewe. Kila mradi uandikwe na wadi yake. Kufanya hivyo ni kazi nyepesi kuliko kuskani. Afisa anayechagua njia ndefu na mbovu wakati njia fupi na nzuri iko mbele yake, mwaka baada ya mwaka, atuelewe tukisema hataki tusome.

Lugha nayo ni vivyo hivyo. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ni kaunti gani inayotoa bajeti yake kwa Kiswahili? Hatudai vitabu vyote vitafsiriwe kesho. Tunadai kurasa mbili kwa kila wadi, kwa Kiswahili cha kawaida: miradi ya mwaka huu ni hii, fedha ni hizi, wanakandarasi ni hawa, na kazi itakamilika tarehe fulani. Jirani zetu Tanzania hutoa ripoti kuu za ukaguzi za CAG, mkaguzi mkuu wao, kwa Kiswahili, na zikitoka, watu huzichambua redioni na vijiweni. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wetu zimejaa mambo mazito, ila msikilizaji wa redio hungoja mwanahabari amtafsirie aya moja au mbili.

Turudi kwenye tarehe, kwa sababu tarehe hazina ubishi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, kisha iuchapishe ndani ya siku saba. Ripoti ya matumizi ya kila robo ya mwaka inatakiwa itoke ndani ya mwezi mmoja baada ya robo hiyo kuisha. Tarehe hizi zinajulikana na kila mkuu wa idara ya fedha katika kaunti zote 47. Hata hivyo, mwananchi anayehudhuria mkutano wa ushirikishaji wa umma mara nyingi huiona stakabadhi kwa mara ya kwanza mlangoni mwa ukumbi. Anapewa kitabu kinene saa tatu asubuhi, au hapewi kabisa kwa sababu nakala zimekwisha, na kufikia saa saba anatakiwa awe ameshatoa maoni na kutia sahihi orodha ya waliofika. Orodha hiyo ndiyo huonyeshwa baadaye kama ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Mkutano kama huo hauna maana. Mtu hawezi kutoa maoni juu ya kitu ambacho hajakisoma.

Kisha kuna neno siri, ambalo hutolewa mfukoni mengine yote yakishindwa. Yapo mambo ya kufichwa, na hatubishi. Majina ya wagonjwa, nambari za vitambulisho na za simu za watu, anwani zao, hayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayalinda, na mtu anayepakia orodha ya basari yenye nambari za vitambulisho vya wanafunzi amekosea. Mambo ya usalama wa nchi yana mahali pake katika sheria. Bei ya barabara haiwi siri kwa sababu tu afisa mwenye cheo kikubwa ameiita siri.

Reli ya SGR inatosha kutufundisha. Mikopo ya kujenga kipande cha Mombasa hadi Nairobi ilitiwa sahihi na Benki ya Exim ya China mwaka 2014, na treni zikaanza kubeba abiria mwaka 2017. Mlipa kodi hakuruhusiwa kuona alichokubaliwa kulipa. Mwishoni mwa 2018 uvumi ulivuma kwamba Bandari ya Mombasa imewekwa dhamana. Serikali ilikana. Wengi hawakuamini, na hawakuwa na sababu ya kuamini, maana karatasi ambayo ingemaliza ubishi ilikuwa imefungiwa kabatini. Wanaharakati wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliomba wapewe mikataba. Walinyimwa. Walikwenda Mahakama Kuu mjini Mombasa, na Mei 2022 mahakama iliamua kwamba kuwanyima kulikiuka haki ya kupata habari. Novemba mwaka huo, Waziri wa Uchukuzi Kipchumba Murkomen alitoa mikataba ya mikopo hiyo kwa umma.

Miaka minane ilikuwa imepita tangu sahihi. Ndani yake tulikuta kwamba migogoro ingeamuliwa Beijing, chini ya sheria za China, na kwamba Kenya ilikuwa imekubali kutoonyesha mkataba bila idhini ya mkopeshaji. Mambo hayo mawili yalistahili kujadiliwa bungeni na mitaani kabla ya mkopo kuchukuliwa. Yalijadiliwa wakati deni linalipwa. Na baada ya mikataba kutoka, treni ziliendelea kusafiri. Usalama wa nchi haukutikisika. Ule mzigo wa siri uliobebwa miaka yote hiyo haukuikinga nchi na chochote, uliwakinga tu waliotia sahihi wasiulizwe.

Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na inaiamuru serikali kuchapisha habari muhimu zinazoathiri taifa. Hakuna mkataba na benki yoyote unaoweza kufuta ibara hiyo. Waziri au gavana anayemwahidi mgeni usiri kuhusu fedha za umma anaahidi kitu ambacho si chake.

Kwa hiyo tunazitaka kaunti zifanye jambo moja, na zilifanye bila kuunda jopo, bila kwenda warsha Naivasha na bila kununua mfumo mpya. Idara ya fedha isilipe ankara ya kandarasi ambayo haiko kwenye tovuti. Basi. Mwanakandarasi akileta ankara, karani afungue tovuti. Kandarasi ikiwepo, na bei, na jina, na muda, malipo yaendelee. Isipokuwepo, ankara irudi kwa afisa wa ununuzi. Tunawahakikishia magavana kwamba kandarasi zitapakiwa wiki hiyo hiyo, kwa kuwa mwanakandarasi anayedai fedha zake atamsumbua afisa huyo kuliko gazeti lolote litakavyoweza. Gavana anaweza kutoa agizo hilo kwa waraka wa ukurasa mmoja. Akikataa, madiwani wana mamlaka ya kulitunga kuwa sheria ya kaunti, na wanaolilia kila siku kwamba miradi ya wadi zao imekwama waanze na hilo.

Agizo hilo liseme pia kwamba kilichowekwa hakiondolewi. Gavana mpya anapoingia, tovuti hubadilishwa rangi na picha, na bajeti za mtangulizi wake huenda na maji. Stakabadhi si mali ya gavana. Nakala zihifadhiwe kwenye bunge la kaunti na kwenye maktaba ya umma, na anwani yake mtandaoni isibadilike, ili mtu anayetaka kujua kwa nini zahanati ina kuta bila paa tangu miaka sita iliyopita aikute kandarasi mahali ilipowekwa siku ya kwanza.

Mpaka hapo, msomaji, usingoje. Chagua mradi mmoja unaoujua, uliokwama au unaoendelea, na uandikie kaunti. Andika kwa Kiswahili ukitaka, sheria inaruhusu lugha zote mbili. Huna haja ya kueleza sababu ya kuuliza, na kuwasilisha ombi ni bure, unaweza kutozwa tu gharama ya nakala. Omba yale mambo manne ya kifungu cha 5. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Siku 21 zikipita bila neno, sheria inahesabu kimya hicho kuwa ni kukataa, na una haki ya kwenda kwa tume ya CAJ, yaani Ombudsman, ambayo ina mamlaka ya kumwita afisa huyo na kuamuru habari itolewe.